Kizibo Chekundu

Kila asubuhi, kabla chai haijachemka, Redio alikuwa ameshahutubia. Msikilizaji wake alikuwa mmoja tu, na huyo hakuwa na kichwa: sanamu ya kupimia nguo iliyosimama kwenye pembe ya chumba cha mbele, chumba ambacho mama yake alikigeuza kibanda cha ushonaji. Redio aliinua mkono, akakohoa kidogo kama wakubwa wanavyokohoa, akaanza: "Ndugu mwenyekiti, walimu wangu, na wanafunzi wenzangu..."

"Huyo hana masikio," mama yake alisema huku akitia uzi kwenye sindano ya cherehani. "Utamshinda tu. Njoo unywe chai, kengele ya shule haikusubiri wewe."

Jina la Redio alipewa na wenzake darasani kwa sababu akishawashwa, kumzima ni kazi. Alikuwa msichana wa miaka kumi na mitatu, domo analo, na sauti yake ilifika nyuma ya ukumbi bila kipaza sauti. Shule yao haikuwa na timu ya mpira ya kujivunia, na kwaya yao ilikuwa ya kusikitisha, tuseme ukweli. Ilichokuwa nacho ni midahalo, na katika midahalo hakuna aliyemgusa Redio.

Midahalo hiyo ilikuwa na utaratibu wake. Mwalimu wa Kiswahili, ambaye wanafunzi walimwita Mwalimu Hoja kwa sababu hapokei jibu lolote mpaka aulize "hoja iko wapi?", alikuwa na kifuko cha kitambaa chenye vizibo vya chupa za soda. Siku chache kabla ya mdahalo, kila msemaji aliingiza mkono humo bila kuchungulia. Aliyetoa kizibo chekundu alitetea mada, aliyetoa cha njano aliipinga. Unachoamini moyoni hakikuulizwa. Mwalimu Hoja alisema ndivyo mtu anavyojifunza kutazama jambo kutoka upande ambao si wake. Mwisho wa mdahalo wanafunzi walinyoosha mikono, na kila mtoto wa shule ile alijua kwamba kura hiyo ni ya kuonyesha nani ameongea vizuri zaidi. Jambo hilo lilikuwa wazi kwao kiasi kwamba hakuna aliyewahi kulisema.

Mwenzake Redio wa dawati aliitwa Mbio, na jina hilo lilikuwa utani mtupu. Alikuwa binti mpole, mtu wa maneno machache, lakini karibu kila siku aliingia shuleni akikimbia, kengele imeshalia, mkoba unampiga mgongoni na kiatu kimoja kiko mkononi. Mwalimu wa zamu alimpa adhabu ya kuokota takataka, Mbio akaokota bila kununa, kisha akaja kukaa na kuuliza kwa kunong'ona wamefika ukurasa gani. Redio alijua kwamba nyumbani kwa kina Mbio kuna wadogo wa kuangaliwa. Zaidi ya hapo hakuwa amewahi kuuliza.

Mwezi ule mada ilikuwa hii: Mwanafunzi anayechelewa afungiwe nje ya lango. Redio aliingiza mkono kwenye kifuko akitaka cha njano, akatoa chekundu.

"Nimechota chekundu," alimwambia Mbio wakati wa mapumziko, kama mtu anayeungama.

"Pole," Mbio alisema, akamega andazi lake akampa nusu. "Lakini wewe hata ukipewa kuwatetea mbu utashinda."

Wakacheka wote wawili. Ilikuwa mdahalo tu.

Safari hii, lakini, ukumbi ulikuwa na wageni. Matokeo ya mtihani wa mwaka uliopita yalikuwa mabaya, wazazi walilalamika, na mwalimu mkuu akaona awaalike waje waone watoto wanafanya nini shuleni. Wakakaa viti vya mbele. Katikati yao alikaa mwenyekiti wa wazazi, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, mtu mnene, mkarimu, ambaye akisema jambo analimaliza kwa kujipiga goti. Mama yake Redio naye alikuwepo, na futi ya kupimia bado imening'inia shingoni kwa haraka ya kuja.

Redio alipopanda jukwaani na kuiona hadhira kubwa vile, kichwa kilimvimba. Alianza na hoja alizoandaa: kwamba kuchelewa kunakatiza somo, kwamba anayewahi anaonewa. Zilikuwa hoja nzuri, lakini watu walizisikiliza kwa adabu tu, na yeye hakutaka adabu. Akatia chumvi.

"Mnadhani wanachelewa kwa sababu gani?" aliuliza, akitembeza macho. "Mimi nimewaona kwa macho yangu. Wamejazana kwenye kibanda cha michezo ya video, mikoba mgongoni. Kengele inalia huku, wao wanashangilia mabao huko. Wengi, ndugu mwenyekiti. Kila siku."

Wazazi waliguna. Ukweli ni kwamba Redio alimwona mvulana mmoja, asubuhi moja, tena mvulana mwenyewe alivaa sare ya shule nyingine.

Kisha, kwa kuwa kicheko ndicho kilichokuwa kimebaki, akavua kiatu kimoja, akakishika mkononi, akakimbia kutoka pembe moja ya jukwaa hadi nyingine huku anahema ulimi nje. Ukumbi ulilipuka kwa vicheko. Kila mwanafunzi alijua ni nani anaigizwa. Mbio mwenyewe, kule nyuma, alikuwa akicheka na kupiga makofi, na mikono iliponyooshwa, mkono wake ulikuwa juu kabisa.

Redio alishinda kwa mbali. Alikuwa bado anapokea pongezi mwenyekiti wa wazazi aliposimama.

"Mimi nimeguswa," alisema. "Sisi wakubwa tunazunguka mbuyu, watoto wenyewe wametuambia ukweli. Tena wamepiga kura. Mwalimu mkuu, unangoja nini tena?" Akajipiga goti.

Wazazi wakapiga makofi. Mwalimu mkuu, mama mrefu mwenye miwani, ambaye kwa mwaka mzima alikuwa akitafuta la kuwaambia wazazi hao, alisimama akatangaza. Kuanzia Jumatatu lango litafungwa saa moja na nusu, na aliye nje atarudi kwao. Atakayefungiwa nje mara kwa mara hataandikishwa mtihani wa mwisho. Mwalimu Hoja alifungua mdomo, akautazama ukumbi unaoshangilia, akaufunga. Redio alisimama jukwaani na kiatu chake mkononi, asijue akivae au afanye nini.

Jumatatu kengele ililia, na mlinzi akavuta komeo. Kutoka dirishani Redio aliona kikundi cha watoto nje ya lango, na baada ya muda akamwona Mbio akija kwa kasi, akipunguza mwendo, akisimama. Hakupiga kelele wala hakugonga. Alishika nondo za lango kwa mikono miwili, akatazama kiwanja kitupu, kisha akainama akavaa kiatu chake cha pili taratibu na kuondoka. Siku nzima nafasi yake kwenye dawati ilikuwa wazi, na Redio hakuwa na wa kumnong'oneza ukurasa.

Jumanne ikawa vilevile. Jumatano Redio alimfuata mlinzi, mzee mwenye koti la mvua hata siku za jua.

"Babu, huyu wa mwisho ungemsubiri kidogo tu. Anatoka mbali."

"Mjukuu wangu, mimi nimepewa funguo, sikupewa maamuzi," mlinzi alisema. "Halafu wewe si ndiye uliyeyasema yale? Nilikuwa mlangoni nikasikia. Yalinikolea kweli. Hata nyumbani niliwahadithia."

Redio akaenda ofisini kwa mwalimu mkuu, akagonga, akaambiwa aingie.

"Mwalimu, naomba lile agizo la lango lifutwe."

Mwalimu mkuu alivua miwani. "Wewe? Wewe ndiye uliyenishawishi."

"Nilikuwa nimechota kizibo chekundu, mwalimu."

"Kizibo gani?"

Redio akaeleza habari za kifuko, rangi, na kura. Kadiri alivyoeleza ndivyo alivyojisikia vibaya, maana jambo ambalo darasani lilikuwa mchezo wa kawaida, ofisini lilikuwa na harufu nyingine. Mwalimu mkuu alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Kwa hiyo unaniambia mtu anaweza kusimama mbele ya watu akasema asichokiamini," alisema polepole, "tena vizuri vile?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Basi leo nitajuaje kama unasema unachokiamini?"

Redio, aliyekuwa na jibu la kila kitu, alitafuta jibu la hilo akalikosa. Mwalimu mkuu hakuwa amekasirika, na hilo ndilo lililomvunja nguvu zaidi. Alimwambia tu kwamba uamuzi ulitolewa mbele ya wazazi, na hawezi kuugeuza peke yake kwa sababu msichana mmoja amekuja kunung'unika. Kikao cha wazazi kilikuwa mwisho wa mwezi.

Alhamisi baada ya masomo Redio alikwenda nyumbani kwa kina Mbio. Alizoea kumsindikiza mpaka kona ya kisima tu, hakuwahi kufika ndani. Mbio alimfungulia mlango akiwa na mtoto mdogo ubavuni na mwingine ameshika sketi yake, akaweka kidole mdomoni.

"Ongea taratibu. Mama amelala."

Kulikuwa na chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia. Nyuma ya pazia alisikika mtu akikoroma kwa uchovu. Sare ya kijani ya wafanya usafi wa hospitali ilitundikwa kwenye msumari. Redio akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe akaongea kwa kunong'ona kwa muda mrefu.

Kumbe mama yake Mbio alikuwa zamu ya usiku. Alitoka kazini saa moja asubuhi, na kutoka hospitali mpaka pale ni mwendo mrefu wa miguu. Mpaka afike, Mbio hawezi kutoka, maana nani atabaki na wadogo? Akiingia mlangoni tu, Mbio anamkabidhi mtoto na kutimua mbio, kiatu kingine atakivaa huko huko.

"Mbona hamkuwahi kusema shuleni?" Redio aliuliza.

"Mama anaogopa. Wakijua anatuacha peke yetu usiku, si wataanza maneno? Watasema ni mzazi mbaya." Mbio alimbadilisha mtoto ubavu. "Na wewe usiseme. Niahidi."

Redio aliahidi. Angefanyaje? Kisha akamwomba msamaha, kwa maneno yaliyokatikakatika, kwa ajili ya jukwaani na kile kiatu.

"Uliongea vizuri," Mbio alisema. Hakuwa akikejeli. "Hata mimi nilikunyooshea mkono. Nilijua ni kura ya msemaji." Akatazama pazia. "Mama anasema nipumzike shule mwaka huu. Mwakani tutaona."

Redio alirudi nyumbani. Alimkuta rafiki yake na jibu zuri kabisa la kuwapa watu, jibu ambalo lingefungua lango siku hiyo hiyo, na jibu lenyewe hakuruhusiwa kulitumia.

Alimjaribu Mwalimu Hoja. Akamkuta peke yake darasani anafuta ubao ambao ulikuwa umeshafutika.

"Nilikwenda kwa mwalimu mkuu kabla yako," mwalimu alisema. "Akaniuliza kwa nini sikusema siku ile ile. Niliona watu wameshafurahi, nikaogopa kuwa mharibifu wa sherehe." Akaweka kifutio chini. "Nitakuombea nafasi kwenye kikao cha wazazi. Lakini sikuahidi kitu, binti yangu. Watu wakishapiga makofi huwa hawapendi kuambiwa walikosea."

Wiki zilikwenda. Mtihani wa majaribio ulifanywa, na Mbio hakuufanya. Wengine waliofungiwa nje walizoea, wakaacha hata kuja kusimama langoni. Kijana mmoja wa darasa la jirani, ambaye kila asubuhi alimsaidia babu yake kufungua kiosko cha magazeti, alionekana barabarani akiosha magari saa za masomo. Shuleni watu walisema nidhamu imepanda. Kila aliyekutana na Redio alimsifu, na kila sifa ilimchoma.

Jioni ya kuamkia kikao, Redio alisimama mbele ya ile sanamu ya mama yake. Akainua mkono. Akakohoa. Hakuna kilichotoka. Mama yake aliacha kukanyaga cherehani.

"Leo betri imeisha?"

"Mama, nilichokisema kwanza hakikuwa kweli, na watu waliamini. Sasa kuna ukweli, lakini si wangu, nimeahidi kutousema. Nitasimama pale niseme nini?"

Mama yake hakujua habari za Mbio, na hakuuliza. Alichukua mkasi akakata uzi uliokuwa ukining'inia kwenye sketi ya binti yake.

"Huo wa mtu mwingine mwachie mwenyewe," alisema. "Wako unao?"

"Ninao."

"Basi sema huo huo. Na uwe mfupi."

Kesho yake ukumbi ulijaa tena. Wazazi wa wanafunzi waliofungiwa nje mara nyingi walikuwa wameitwa waje na watoto wao, wakapewa viti vya nyuma. Redio alimwona Mbio, mdogo wake mapajani, na kando yake mama mmoja mwembamba wa sare ya kijani aliyekuwa amesinzia hapo hapo kitini, kichwa kimelala bega.

Kabla hajapanda, Mwalimu Hoja alimletea kile kifuko. Redio alizoea kuingiza mkono humo akitazama pembeni. Mwalimu alikifungua wazi chini ya macho yake.

"Leo huchoti," alisema. "Leo unachagua."

Redio alitoa cha njano.

"Ndugu mwenyekiti," alianza. "Mimi ndiye niliyesema siku ile kwamba wanaochelewa wanakwenda kwenye michezo ya video. Nilisema nimewaona wengi. Sikuwaona wengi. Nilimwona mmoja, mara moja, na hakuwa wa shule yetu."

Minong'ono ikaanza mbele na kwenda nyuma. Mwenyekiti wa wazazi alikunja uso.

"Kwa hiyo ulitudanganya."

"Ndiyo, mzee."

"Kwa nini?"

"Nilitaka kushinda."

Mtu mmoja akasonya. Mwenyekiti alitikisa kichwa. "Na leo unataka kushinda nini? Tukuamini vipi?"

Hilo lilikuwa swali lile lile la ofisini, na Redio bado hakuwa na jibu. Alitazama kizibo mkononi. Alitamani apate mzaha, mfano, chochote cha kuwageuza watu, lakini kichwa kilikuwa cheupe.

"Msiniamini," alisema mwishowe. "Sina hoja. Naomba tu wanaofungiwa nje waulizwe kwa nini wanachelewa. Mimi nilisema kwa niaba yao bila kuwauliza."

Hakuna aliyepiga makofi. Mwalimu mkuu aliandika kitu, mwenyekiti alitazama saa yake, na mzazi mmoja akauliza kama wanaweza kuendelea na ajenda ya vyoo. Redio alibaki amesimama kwa sababu hakujua ashuke namna gani. Alijua yamekwisha. Alikuwa ametoa ya moyoni yote, na haikutosha.

Ndipo kiti kikaburutwa kule nyuma. Mbio alikuwa amesimama, mtoto ubavuni. Midomo yake ilicheza, hakuna kilichosikika.

"Sauti," mtu alidai.

"Mama yangu anatoka kazini saa moja asubuhi," Mbio alisema, safari hii kwa nguvu iliyomshtua yeye mwenyewe. "Anafanya usafi hospitali, usiku. Siwezi kuwaacha wadogo zangu peke yao mpaka afike. Akifika nakimbia. Huwa nakimbia kweli."

Mama yake alizinduka na kusikia habari za nyumba yake zikisemwa hadharani. Alivuta sketi ya binti yake akitaka akae. Kisha mkono ukalegea, akaiachia, akasimama naye.

"Ni kweli," alisema kwa sauti ya mtu aliyetoka usingizini. "Kama kuna wa kulaumiwa, nilaumiwe mimi. Sina mtu wa kuwaachia."

Baada yake akasimama babu wa kile kiosko, akasema mjukuu wake alikuwa akimsaidia kuinua mlango wa chuma wa kiosko kwa sababu mgongo wake umekwisha. Akafuata mwingine, na mwingine. Hakuna aliyetaja michezo ya video.

Mwalimu mkuu aliinuka akaenda mpaka viti vya nyuma. "Hakuna anayekulaumu, mama," alisema. "Kosa ni letu. Tulifunga lango kwanza, na kuuliza ndiyo tunauliza leo."

Mwenyekiti wa wazazi alikuwa akijipangusa uso kwa leso. "Mimi siku ile nilisimama kwa sababu ya hotuba tu," alisema, na hakujipiga goti. "Hotuba ilikuwa tamu."

Kura ilipigwa tena. Mwalimu mkuu alieleza kwanza, taratibu, kwamba kura hii haihusu nani ameongea vizuri, inahusu lango. Mikono ikanyooka ukumbi mzima. Iliamuliwa kwamba anayechelewa ataingia, atapita ofisini kueleza sababu, na anayehitaji msaada atatafutiwa. Mama yake Redio aliinua mkono wake hata kabla msaada haujaombwa.

"Mimi kibanda changu nafungua mapema, na kiko njiani," alisema. "Hao wadogo wapitishwe kwangu asubuhi, mama yao atawachukua akirudi. Nina vipande vya vitambaa vingi, watachezea. Wewe Redio utakwenda kuwachukua na mwenzako, maana umepumzika sana."

Watu wakacheka kidogo, na kikao kikaenda kwenye ajenda ya vyoo.

Jumatatu Mwalimu Hoja aliwakusanya wasemaji wote wa midahalo. Kifuko cha vizibo kilikuwa mezani.

"Kosa la kwanza lilikuwa langu," alisema. "Niliwafundisha kutetea upande wowote, na hilo sitaacha kulifundisha, kwa sababu asiyeweza kuona upande wa mwenzake hawezi kuishi na watu. Lakini sikuwafundisha kwamba maneno yakisemwa hadharani yanatoka nje ya ukumbi. Yanakwenda kufunga malango. Redio alitia chumvi kidogo tu. Mbio amekosa mtihani wa majaribio. Na yule kijana wa kiosko, nimekwenda kwao mara mbili. Amezoea hela ya kuosha magari, haji. Nitakwenda tena, lakini sijui kama nitampata." Alikohoa. "Kuanzia leo wageni wataonyeshwa kifuko hiki kabla ya mtu kufungua mdomo. Msemaji atakayesema 'nimeona' awe ameona. Na katika kila mdahalo, yule ambaye jambo lenyewe litamwangukia atakuwa na kiti mbele, na ataongea kabla ya kura. Ukishinda bila kumsikia huyo, hujashinda kitu."

Redio aliinamisha macho.

Kesho yake asubuhi hapakuwa na hotuba nyumbani kwao. Mdogo wake Mbio alikuwa amekaa miguuni pa sanamu akipanga vipande vya vitambaa, na mwingine alikuwa akilia kwa sababu amenyimwa mkasi. Redio na Mbio walitoka pamoja, wakatembea, viatu vyote vinne miguuni. Lango lilikuwa wazi, na mlinzi akawapungia mkono.

"Siku ya kikao uliongea vibaya kweli," Mbio alisema walipokaribia darasa.

"Najua."

"Hata makofi sikukupigia." Mbio alisogea kidogo kumpisha mlangoni. "Lakini nilikuamini."